Matundu ya Nyumba ya Ndama

Asifiwe alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa mlangoni nachambua maharage, akaniambia kwamba mama yake, Mama Vumilia, ametuacha kule Buleusa. Walikuwa wamekwisha kumzika, alisema, lakini kilio kingebaki wazi hadi Jumapili, kwa hiyo nikitaka kufika bado nilikuwa na siku. Nilisema pole. Nilisema Mungu amlaze mahali pema. Kisha, kabla sijakata simu, mdomo wangu ukatoa swali ambalo sikuwa nimelituma: "Na alikula kwa nani?" Nilisikia kuku wake wakilia uani. Mwishowe akajibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mgonjwa: "Mama alikuwa muzee, Mama Feza. Alichoka tu." Niliweka simu juu ya maharage nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni.

Ndivyo nilivyo, na sitajificha. Nikiletewa soda iliyofunguliwa jikoni, ghafla tumbo linaanza kuniuma. Harusini nachota chakula pale ambapo mwingine amekwisha kuchota na bado anatembea. Wajukuu wangu wanajua, wakiniletea maji wanasema kwa pamoja, "Koko, tumeonja!" na kuangua kicheko, nami nacheka nao, lakini kikombe nakinusa. Kwetu milimani mtu hafi hivi hivi. Mzee wa miaka tisini akianguka, kuna atakayeuliza nani alimpelekea ndizi wiki iliyopita. Nimeishi muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mara nyingi ni uzee tu, au homa, au moyo umechoka, na bado nauliza. Wengine wamezaliwa na macho ya namna hiyo. Mimi ya kwangu niliyapata katika mwaka mmoja, pale Ngungu, kwa ajili ya ndama saba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa kwa Papa Anselme na mke wake Mama Odette. Namna nilivyofika kwao si habari ya sura hii. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, juu ya kilima ambako ukungu huingia kabla ya mgeni, na jikoni kulikuwa kwa udongo, kweusi kwa moshi, na ukuta wa nyuma wa jiko ndio uliokuwa ukuta wa mbele wa nyumba ya ndama. Walijenga hivyo kwa makusudi. Kwetu ndama hulala pa joto. Ng'ombe mkubwa atavumilia baridi ya Masisi, lakini ndama, walisema, ni kama mtoto mchanga, na moshi wa jiko ni blanketi yake. Nikikoroga bugali nilisikia pumzi zao upande wa pili, na wao bila shaka walisikia kila neno letu. Vita vilikuwa vimekula ng'ombe wa kilima kizima, na Papa Anselme alikuwa anaanza upya, pole pole. Ng'ombe wakubwa hawakupatikana. Alikuwa na majike wawili tu waliozaa nyumbani, na juu ya ndama hao wawili akaongeza wengine watano aliowaokota huku na huku: wawili sokoni Ngungu, wawili kilima cha pili, na mmoja kwa mtu mpita njia ambaye hakuna aliyemjua. Wote saba akawatia chumba kimoja. Mmoja wa wale waliozaliwa nyumbani, jike mwenye madoa meupe tumboni, alinionyesha kwa kidole akasema, "Hii iko yako, Feza. Siku utaolewa, utaenda nayo." Nilimwita Maua. Sikuwahi kuwa na kitu changu kabla ya Maua.

Na kulikuwa na Mama Vumilia. Alitoka Buleusa, upande wa Walikale, kwenye msitu, alikuja na binti yake Asifiwe mgongoni, na Papa Anselme akampa kibanda na kipande cha shamba chini ya kilima, naye akakamua, akakata majani, akatengeneza mashanza, yale maziwa yetu ya kugandisha. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na ng'ombe walimpenda, jambo ambalo baadaye lilihesabiwa kama ushahidi. Mchana tukirudi shambani tulikaa jikoni na bugali na sombe ya majani ya muhogo, naye akaleta kibuyu chake. Alimimina kikombe, akanywa kwanza yeye mbele ya macho yetu, akapangusa ukingo kwa kiganja, kisha akampa Papa Anselme kwa mikono miwili. Ndiyo desturi, hakuna aliyeshangaa. Anayekupa kinywaji bila kuonja, ama hana adabu ama ana jambo. Lakini Mama Vumilia hakuonja kidogo. Papa Anselme alikuwa akimtania: "Mama Vumilia, unaonja ao unakunywa? Kila siku kikombe inanifikia nusu." Naye akajibu bila kucheka, "Papa, sumu ikiwa chini ya kikombe, nitaijua namna gani nikionja juu tu?" Tulicheka mpaka Mama Odette akapaliwa. Nakumbuka kicheko kile kuliko nyimbo zote za kanisani za mwaka ule. Tulicheka na neno sumu kama watu wanaocheka na mbwa wa jirani, kwa sababu bado hajawauma.

Ndama wa mpita njia ndiye aliyeanza. Alifika pua ikitiririka kamasi, na baada ya siku chache akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu, halafu kizito. Masikio yakalegea. Mbavu zikawa zinapanda na kushuka haraka hata akiwa amelala, na akinyonya anaachia katikati ili apate hewa. Akafa. Hatukula nyama yake. Ndama aliyekuwa mzima juzi akifa leo, nani atakula nyama yake? Papa Anselme alichimba shimo refu akamzika bila kumpasua, na ngozi yake, na wa pili alipokufa, mmoja wa sokoni, akafanya vile vile. Leo najua kwamba mle shimoni tulizika jibu, kwa mikono yetu, mara mbili. Lakini siku ile nilisimama pembeni na koleo nikiona tunafanya jambo la akili.

Baada ya mazishi ya wa pili nilikuwa ndani ya nyumba ya ndama nikifagia mavi, na Papa Anselme na mke wake walikuwa jikoni na jirani mmoja, wakidhani niko mtoni. Ukuta ule ulipitisha maneno pande zote mbili. "Ndama inanyonya muzuri asubui, kesho inalegea?" alisema Papa Anselme. "Hii haiko ugonjwa. Iko mukono ya muntu." Jirani akasema, "Kikulacho iko mu nguo yako." Nilisikia mwiko umesimama ndani ya sufuria. Kisha sauti ya Mama Odette, chini, kama anaisemea sufuria: "Na nani njo anaingiaka mule kila siku?" Hakuna aliyetaja jina. Hapakuhitajika. Jirani akasema tu kwamba watu wa pori wanajua majani kuliko sisi, na Papa Anselme akaguna. Nilibaki na fagio mkononi, na nilipomwona Mama Vumilia akipanda kilima na mzigo wa majani kichwani, kwa mara ya kwanza niliangalia majani kabla ya kumwangalia yeye.

Jumamosi tukafunga nyumba. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa fito na udongo, na juu yake palikuwa na mstari wa matundu ya ukubwa wa ngumi, yaliyoachwa na aliyejenga. Papa Anselme aliona kwamba mkono unaweza kupita pale na kutupa kitu. Alinipa kazi ya kuyaziba. Nilikusanya majani makavu ya mgomba, nikayakunja, nikayasokomeza katika kila tundu, kisha tukapaka udongo uliochanganywa na mavi, tundu kwa tundu, na mlangoni tukatia kufuli. Ufunguo Mama Odette aliufunga kwenye pindo la kikwembe chake. Sasa Mama Vumilia aliingia akiwa na mmoja wetu tu. Ilikuwa kazi safi na niliionea fahari. Ndani kulikuwa na joto la mkate. Baada ya siku tatu harufu ya mkojo ilikuwa inachoma macho hata ukisimama mlangoni, nikatoka nikilia machozi bila huzuni yoyote, na nikafikiri: vizuri, hakuna anayeweza kuingia humu. Mashanza nayo hatukuyanywa tena. Alileta, akaonja, tukapokea, tukasema aksanti, na alipogeuka tu Mama Odette akammwagia mbwa. Mbwa yule alinenepa mpaka akashindwa kupita chini ya uzio. Nilimwambia Papa Anselme, mbona mbwa hafi? Akanijibu kwa ukali: "Mbwa iko na tumbo ya mbwa." Na mimi, nisamehewe, nikaona ni jibu.

Siku moja saa sita mchana, wote wakiwa shambani, nilirudi kuchukua jembe nikasikia kitu kinakwaruza nyuma ya nyumba ya ndama. Nilizunguka taratibu. Mama Vumilia alikuwa amesimama juu ya jiwe, kisu mkono mmoja, na mkono wa pili umejaa majani. Matundu mawili yalikuwa wazi. Hakushtuka, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwenye hatia angeshtuka vizuri zaidi. "Feza," alisema, "hizi ndama ziko zinakosa pumuzi. Ingia mule, funga mulango, hesabu mupaka mia, alafu uniambie." Nikamwambia Papa ndiye aliyetaka matundu yafungwe. "Papa iko anaogopa muntu. Miye niko naogopa ile kikohozi. Ile yenye kukohoa muitoe, ikae peke yake. Na Maua uitoe kabla haijaanza." Nilisikia neno moja tu katika yote hayo, jina la Maua. Kwa nini anamtaka nje, peke yake, mbali na kufuli? Alipoondoka nikaokota majani yangu chini nikayarudisha tunduni, nikayapiga kwa mpini wa jembe. Kesho yake saa sita yalikuwa chini tena. Nikayarudisha. Tuliendelea hivyo siku tatu, yeye akifungua, mimi nikifunga, bila kusemeshana. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba namlinda, kumbe nilikuwa naiweka habari yake kama mtu anavyoweka jiwe mfukoni.

Wa tatu akafa, yule mwingine wa sokoni. Kisha Maua akakohoa. Nililala mchana wote ubavuni mwake mle ndani, kichwa changu kwenye mbavu zake, na ndani ya mbavu nilisikia sauti kama karatasi inayokunjwa. Kamasi ilikuwa nzito, ya njano. Alinyoosha shingo mbele na kufungua mdomo, na kila pumzi aliisukuma kwa tumbo. Nilimnywesha maji ya vuguvugu na asali, nikamwimbia, nikamkasirikia. Siku ya tano alipofika kwenye pumzi ya mwisho hakulia. Nilimzika mwenyewe, sikutaka Papa Anselme anisaidie. Kabla sijanawa mikono nilikwenda jikoni nikasema: "Papa, niko na neno."

Walikusanyika uani kesho yake baada ya ibada, watu kama kumi wa kilima, na Mama Vumilia akaitwa. Alikuja na kibuyu chake, akidhani labda ni kilio cha ndama. Papa Anselme alisema, "Feza, sema ile uliona." Nikasema: "Nilimuona nyuma ya nyumba ya ndama, saa sita, tukiwa mu shamba. Haiko mara moja. Alikuwa na kisu, na majani mu mukono." Wanawake wakasema eeeh kwa pamoja. Kila neno lilikuwa kweli. Mama Vumilia aliniangalia, na sikuona hasira, niliona kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. "Feza," alisema, "sema yote. Majani gani?"

Nilijua majani gani. Nilikuwa nimeyakausha mwenyewe, nikayakunja mwenyewe, na kuyasokomeza mwenyewe. Yalikuwa majani ya mgomba kutoka tunduni. Ilikuwa sentensi ya maneno matatu na mtoto angeweza kuisema. Lakini udongo wa Maua ulikuwa bado chini ya kucha zangu, na watu kumi walikuwa wananiangalia, na mbele yao, kwa mara ya kwanza, nilikuwa mtu mwenye habari. Niliangalia miguu yangu. Papa Anselme akasema, "Munaona? Hata kuyataja anaogopa." Mama Vumilia akaomba kikombe, akamimina mashanza mpaka juu, akanywa yote mbele yetu, bila kupumzika, akakigeuza kikombe chini kuonyesha kwamba hakuna tone. "Kama iko sumu, kesho mutaiona," akasema. Kesho alikuwa mzima, na kilima kikasema amekula dawa ya kuzuia kabla ya kuja. Siku ya pili kibanda chake kilikuwa kimefagiwa na kuachwa wazi. Alikuwa ameshika njia ya Walikale kwa miguu, Asifiwe mgongoni, mvua ikinyesha. Maharage yake yalikuwa kwenye maua. Yalipokomaa Mama Odette aliyavuna, tukayapika, tukayala, na hayo hakuna aliyetaka yaonjwe kwanza.

Mkono ulikuwa umeondoka, lakini kikohozi kilibaki. Ndama wa tano alipoanza kukohoa, Papa Anselme alisema Mama Vumilia ameacha dawa yake chini ya kizingiti, akachimba mlango wote, akapata msumari mmoja na punje ya harage. Akaichoma punje ya harage. Ndama akafa. Hapo ndipo alipomwita Munganga Zakaria, mganga wa mifugo aliyekuwa akizunguka vilima kwa pikipiki, si ili atibu, bali ili aandike karatasi kwamba ni sumu, karatasi ya kumpelekea shefu, mkuu wetu wa eneo. Munganga alikuwa mtu mfupi, mchovu, mwenye buti zilizopasuka. Aliuliza ndama yuko wapi, akaambiwa atazikwa sasa hivi. "Kama munazika, miye nitaona nini?" Akamlaza kwenye majani ya mgomba akampasua kifua.

Sikuwa nimewahi kuona pafu. Alilivuta nje akatuonyesha: upande wa nyuma lilikuwa la rangi ya waridi, laini, linabonyea. Upande wa mbele lilikuwa jekundu la giza, gumu, kama ini, na alipokata kukatoka usaha. Aliomba ndoo ya maji. Akakata kipande cha nyuma akakitupa, kikaelea. Akakata cha mbele, kikazama mpaka chini. "Hii iliyozama njo imejaa," alisema. "Ndama ilikuwa inapumua na ile kidogo imebaki." Akachana njia ya hewa kwa mkasi akatafuta minyoo ya mapafu, akasema haipo. Papa Anselme akauliza sumu iko upande gani. "Papa, hakuna sumu. Iko ugonjwa ya mapafu. Virusi inatangulia, inachuna njia ya pumuzi. Alafu kuko bakteria zinakaaka tu mu pua ya ngombe, hata nzima, hazina shida. Zikikuta ile njia imechunika, zinashuka mu mapafu, njo zinaua." Akauliza ndama zilitoka wapi. Alipoambiwa soko, kilima cha pili, mpita njia, alitikisa kichwa. "Kila moja ilikuja na mikrobe yake. Na weye ukazialika zote mu chumba moja."

Akaingia nyumba ya ndama na kutoka mara moja, macho yamelowa. Akazunguka nyuma. Alipapasa udongo kwa vidole kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano. "Hapa kulikuwa tundu. Na hapa. Nani alizifunga?" Nikasema, "Ni miye." "Fungua." Nilipanda juu ya lile lile jiwe. Majani yalitoka yakiwa meusi, yanatiririka jasho la ndama, na nyuma yake ikatoka hewa nzito, ya moto, inayonuka mkojo, ikanipiga usoni; na upande wa pili nilisikia wale wawili waliobaki wakisogea kuja kwenye mwanga. Mikono yangu ilikuwa imejaa majani. Nilijiona kama mtu mwingine angeniona. Nikauliza, na sauti yangu haikutoka vizuri: "Munganga, na muntu akifungua hizi tundu, iko anafanya mubaya?" Akacheka. "Mubaya? Huyo njo alikuwa anazisaidia. Nani alikuwa anafungua?" Papa Anselme alijibu kabla yangu. "Hakuna muntu," alisema.

Wawili wale walichomwa sindano siku kadhaa, mmoja akatengwa, matundu yakabaki wazi, wakapona. Munganga alipokwenda, Papa Anselme alimwangalia akishuka kilima akasema, "Na huyu, alikula kwa nani hata aseme hivi?" Hakuwahi kusema kwamba alikosea. Alisema kuna sumu nyingine inavaa ugonjwa kama nguo. Mama Odette alisema kidogo kuliko yeye. Lakini tangu siku ile hakula maharage nikiwa karibu. Hakuna aliyetumwa Buleusa. Mimi nilisema nitakwenda mvua ikipungua, kisha nitakwenda mavuno yakiisha, kisha barabara zikafungwa, kisha nikaolewa, bila ndama. Miaka yangu mingi imepita ndani ya hayo maneno "kisha".

Na bado sijasema lililo baya zaidi. Wakati huo nilikuwa tayari mama wa watoto wawili, na nilijua yote ninayoyaandika hapa. Mchuuzi mmoja mwanamke aliyetoka Walikale alisimama mlangoni kwangu na chupa ya mawese, mekundu, mazito, mazuri. "Mama Vumilia wa Buleusa anakusalimia. Alisema hii iko ya Feza, apikie batoto." Nilipokea kwa mikono miwili. Niliuliza kama mzima, akasema mzima. Alipoondoka nilizunguka nyuma ya choo nikayamwaga yote ardhini, na chupa nikaivunja. Nilimwamini, na nikayamwaga. Nilipogeuka yule mchuuzi alikuwa amerudi kuchukua mwavuli aliousahau, amesimama pembeni ya nyumba. Alichukua mwavuli wake akaenda.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda. Pikipiki mpaka inapokubali, kisha miguu, magoti yakinitukana kila mteremko, na nilifika Buleusa Jumamosi, jua likiwa bado juu. Watu wa kilio walikuwa wamepungua. Asifiwe, yule wa mgongoni, ni mama mnene sasa, mwenye macho ya mama yake. Alinikumbatia, akanionyesha kaburi, nikalia, kisha akaniketisha kivulini pembeni ya nyumba ya ndama wake. Ana ng'ombe mmoja na ndama mmoja. Ukuta ulikuwa wa mbao zilizoachiana nafasi ya mkono, upepo ukipita wazi, na kando, mbali kidogo, kibanda kidogo kitupu. Nikauliza cha nini. "Ya mugonjwa," alisema. "Mama alisema ndama mugeni asichanganyike mbele ya wiki tatu kuisha." Ndama alitoa pua yake safi katikati ya mbao akanilamba kiwiko. Nikasema lile nililotembea nalo njia yote. "Asifiwe, siku ile kwa Papa Anselme, mama yako aliniuliza ni majani gani. Ilikuwa majani ya mugomba. Ile nilitia miye mwenyewe mu tundu." Nilidhani atashangaa, au atanifukuza. Alinyoosha kitenge magotini. "Tunajua, Mama Feza," alisema. "Siku zote tulijua." Akaingia ndani.

Alirudi na kibuyu cha mashanza na kikombe kimoja. Harufu yake ilinirudisha jikoni Ngungu kwa hatua moja. Alimimina mpaka juu, akakishika kwa mikono miwili, lakini hakunipa. "Mama aliniachia neno," alisema. "Ile mafuta alikutumiaka, aliambiwa kama uliimwaga. Hakukasirika. Alisema, siku Feza atakuja, umimine mbele yake, uonje kwanza aone, tena usionje kidogo, alafu njo umupe. Asikunywe na woga." Nilinyoosha mkono haraka, nikichukue kikombe kabla hakijafika mdomoni mwake, ili kwa mara moja katika maisha yangu nipokee kitu cha mkono ule bila ushahidi. Nilichelewa. Alikuwa amekwisha kuonja, na kikombe kilinifikia nusu.